Lamadi: Sabuni Imo Ndani ya Bei

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mwanamke mwenye nyumba yake hali barabarani. Chakula cha njiani kilikuwa cha madereva, makapera na wanaume waliogombana na wake zao. Mama aliyesafiri alifungasha viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati zilizokunjwa ndani ya kitambaa safi, na chupa ya chai. Mama zetu walifanya hivyo. Nasi tulifanya hivyo mpaka tulipojikuta na safari za siku mbili, watoto watatu na mkono mmoja tu ulio wazi.

Wanaofuatilia ukurasa huu wanaijua kawaida yetu. Tunaingia kama wateja wengine, tunalipa kwa fedha zetu wenyewe, na hatutaji jina la mwenye mgahawa, awe amefanya vizuri au vibaya. Wapo wanaotulaumu kwa hilo. Lakini mgahawa wa meza tatu si kampuni. Ukichafuliwa jina gazetini asubuhi, jioni watoto wa mwenyewe hawali. Kwa hiyo tunaeleza ulipo, nawe ukifika utautambua kwa macho yako.

Mwezi huu tumekula Lamadi.

Kwa wasiopajua, Lamadi ni mji ulio kwenye barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Bariadi. Hadi mwaka 2012 palihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa, pakaingia Wilaya ya Busega. Upande mmoja lipo Ziwa Viktoria katika Ghuba ya Speke, na mwendo mfupi kuelekea Musoma lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Basi ni mji wa njia panda kwelikweli: wavuvi, wafugaji, wafanyabiashara wa pamba na mpunga, watalii wenye kofia pana, na abiria waliochoka. Wote hao wana njaa, na wanaowalisha karibu wote ni wanawake.

Kabla hatujawasimulia tulichokula, tuna jambo la kukiri. Mwaka jana tulipita Lamadi tukitoka Bariadi kwenye harusi. Tulikuwa mama watatu na watoto wawili. Tuliingia katika mgahawa mmoja tukaambiwa ugali na sato ni shilingi 5,000 kwa sahani. Tukashangaa kwa sauti, kama tunavyojua kushangaa sisi wanawake tukiwa sokoni. Tukasema samaki wenyewe wanatoka hapo ziwani, si wa kuletwa na ndege. Tukainuka kama tunaondoka. Yule mama akatuita, na bei ikateremka hadi 4,000. Tukala sahani nne, tukaokoa shilingi 4,000, na tukiwa ndani ya basi tukasifiana.

Usiku ule mtoto wa mmoja wetu, mwenye miaka minne, alianza kutapika na kuharisha. Kufikia alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Alitundikiwa maji siku nzima, akapewa chumvichumvi ya kunywa na vidonge vya zinki, na Mungu akamnusuru. Gharama yake ilikuwa shilingi 38,000, mbali na teksi na siku mbili za kazi zilizopotea. Mganga alipouliza mtoto alikula nini jana, tuliangaliana.

Hatuwezi kuapa kwamba ni yule samaki. Mtoto alikuwa amekula pia embe dirishani na barafu ya rangi aliyonunuliwa na mjomba wake. Lakini mmoja wetu alikumbuka kwamba pale mgahawani sahani zilisuuzwa zote ndani ya beseni moja lenye maji ya rangi ya uji, na kwamba aliliona beseni hilo kabla hajakaa, akanyamaza kwa sababu alikuwa anawaza bei. Tukumbuke pia kwamba Mkoa wa Simiyu ulipatwa na kipindupindu mwanzoni mwa mwaka 2024. Kule maji ya kuoshea vyombo si jambo la kunyamazia.

Kwa hiyo safari hii tulirudi Lamadi na swali moja: tulipopunguziwa ile shilingi 1,000, ilipunguzwa wapi?

Tulianza asubuhi karibu na stendi, kwenye banda la mabati lenye mabenchi mawili na jiko la mkaa mlangoni. Hapo ni chai, chapati na supu ya ng'ombe. Chai ya maziwa ilikuwa 500, chapati 500, supu 2,500. Supu ilikuwa inachemka mbele ya macho yetu, na chakula kinachochemka ni rafiki wa mama mwenye mtoto. Chapati zilikuwa nzito kidogo, za mtu aliyezikanda kwa haraka, lakini zilikuwa za moto. Ndoo ya kunawia ilikuwa na koki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba ili kisiibiwe. Hapo hatuna la zaidi. Ukishuka kwenye basi saa moja asubuhi, kaa hapo bila wasiwasi.

Mgahawa wa pili ndio uliotufanya tukae mpaka alasiri.

Ukishatoka stendi ukaelekea upande wa ziwa, utakuta mwarobaini mkubwa, na chini yake kibanda cha mbao chenye meza nne na viti vya plastiki vya rangi mbalimbali. Hakuna bango. Mwenyewe ni mama wa makamo, mnene kiasi, amejifunga khanga mbili, na hajibu swali kabla hajamaliza anachokifanya. Tulimsalimu kwa Kisukuma chetu cha kubabaisha, "Mwangaluka, mayu." Akacheka, akaitikia, akatukaribisha kwa Kiswahili ili tusiendelee kujitesa.

Alituonyesha samaki wabichi kwanza, bila kuombwa. Walikuwa ndani ya beseni lililofunikwa kwa wavu mzito, juu ya meza, mbali na ardhi. Akina mama, kanuni za samaki mnazijua: jicho liwe limejaa na linang'aa, shavu la ndani liwe jekundu, na ukibonyeza mnofu urudi. Hao walikuwa hivyo. Tena hawakuwa wadogo. Sheria ya uvuvi hairuhusu sato aliye chini ya sentimita 25 kuvuliwa, wala sangara aliye chini ya sentimita 50, na ukiona kisato cha kiganja kimelala sahanini kwa bei ya kutupwa, jua kwamba umepewa mtoto ambaye hajazaa.

Ugali ulikuwa wa udaga uliochanganywa na mtama, wenye rangi ya majivu na harufu ile ya uchachu kidogo. Wenzetu wa mikoa mingine hukunja pua, lakini muhogo mchungu haufai kuliwa hivihivi. Una sumu, na kuuvundika na kuukausha ndiko kunakoiondoa. Basi ile harufu ni ushahidi kwamba kazi imefanyika. Sato wawili walikaangwa na wawili wakachemshwa kwa nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi tu. Wale wa kuchemsha walitushinda. Mnofu uliachana vipande vipande kama kurasa, mchuzi ulikuwa mwepesi, na mtoto aliunywa kwa kijiko mpaka akaliinamisha bakuli. Kukaanga kunaweza kuficha uzee wa samaki, na ndimu nyingi vilevile. Mchemsho hauna pa kujificha.

Pembeni tuliletewa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na mlenda. Baada ya chakula tukapewa sahani ndogo ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa juani. Si michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mbichi. Tunalisema kwa sababu mmoja wetu, mzaliwa wa Tanga, amekuwa akivichanganya kwa miaka kumi na hakuna aliyemrekebisha.

Bei ni ileile tuliyoikataa mwaka jana: 5,000.

Safari hii hatukushangaa kwa sauti. Tulilipa, kisha tukamwomba, kama ana nafasi, atueleze bei hiyo inakwenda wapi. Alitutazama kwa shaka, akidhani labda tumetumwa na watu wa ushuru. Tulipomsimulia habari ya mtoto, alivuta kiti akakaa. Alihesabu kwa vidole, na tuliandika kama alivyosema.

Samaki mmoja wa kiasi kile ni 3,000 kwa mvuvi au mchuuzi. Unga wa sahani moja, 400. Mafuta, nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi, 300. Mkaa, 400. Pango la kibanda na ushuru, 150. Wasichana wawili wanaomsaidia, 250. Maji na sabuni, 150. Jumla yake ni 4,650. Kinachobaki ni shilingi 350. Siku nzuri anauza sahani 30, kwa hiyo anakwenda nyumbani na shilingi 10,500, na siku mbaya anakwenda na samaki wa kuwakausha kwa moshi. Kwa fedha hizo anasomesha watoto wanne.

"Sasa mama zangu," akasema, "mtu akinishusha hadi elfu nne na nusu, nimempa mia na hamsini kutoka mfukoni mwangu. Akinishusha hadi elfu nne, ndiyo kabisa. Mvuvi siwezi kumwambia nimepunguziwa. Mwenye kibanda siwezi kumwambia. Mkaa nao haujui."

Tukamuuliza, basi wanaokubali kupunguza hupunguza wapi?

Alinyamaza kidogo. Kisha alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema habari za ndugu zake. Wengine hununua samaki waliolala. Wengine huchukua wadogo wasioruhusiwa, kwa kuwa hao huuzwa kwa kificho na kwa bei ya chini. Mafuta ya kukaangia hutumika siku tatu mpaka yanakuwa meusi. Na kila siku, jambo la kwanza kabisa kukatwa ni maji na sabuni, kwa sababu mteja hayaoni. Samaki mdogo mteja atamwona, ugali mdogo atauona. Maji ya beseni hayaoni.

Hapo tulikaa kimya. Mmoja wetu aliliona.

Tuliomba kuona nyuma ya kibanda, naye hakukataa. Kulikuwa na mabeseni matatu yaliyopangwa juu ya benchi: la kwanza la maji ya moto na sabuni, la pili na la tatu la kusuuzia. Vyombo vilikaushwa juu ya kichanja cha miti, juani, bila kufutwa kwa kitambaa. Alisema kitambaa kimoja kinachofuta sahani 30 ni sawa na kurudisha uchafu ulioutoa. Maji ananunua kwa ndoo kutoka bombani. Lamadi imejengewa mradi wa maji ya ziwa yaliyotibiwa, pamoja na Magu na Misungwi, nao umemwokoa mama huyu na safari za ziwani. Lakini bomba lipo kwa jirani, si kwake, na ndoo inalipiwa. Akibadilisha maji ya kusuuzia kila baada ya sahani kumi, ni fedha. Akibadilisha mara moja kwa siku, ni akiba.

Tulimwuliza pia kuhusu nailoni. Mtakumbuka desturi ile ya kuufunika wali kwa mfuko wa plastiki chini ya mfuniko ili uive upesi. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, desturi hiyo imepungua, ingawa haijaisha. Wapo wanaotumia hata vifungashio vya unga na sukari. Mama wa mwarobaini hufunika kwa jani la mgomba akilipata, na asipolipata huongeza moto juu ya mfuniko. Plastiki na chakula cha moto haviwekwi pamoja, nasi majumbani tusijifanye hatujui.

Wale wasichana wawili ni wa kusimuliwa pia. Mmoja ni mpwa wake, amemaliza kidato cha nne na anasubiri kozi ya ushonaji. Wa pili ni mke wa mvuvi, mwenye mtoto mgongoni. Wanakula pale pale, chakula kile kile wanachokula wateja, tena wanakula wakiwa wamekaa. Ukitaka kuujua mgahawa, akina mama, angalia anachokula binti anayekuhudumia na saa anayokula.

Tunasema hivyo kwa sababu ya mgahawa wa tatu.

Huo upo kando ya barabara kuu, una bango kubwa, meza zenye vioo, televisheni na feni. Kwa sura ndio uliokuwa bora kuliko yote, na waume zetu wangeuchagua. Tuliagiza wali na sangara wa kukaanga, 6,000. Wali ulikuwa umepashwa moto: juu una mvuke, katikati baridi. Sangara alikuwa na ganda gumu la kahawia na ndani mnofu umelegea kama pamba iliyolowa. Ni samaki wa bei, lazima tuwe waungwana. Tangu viwanda vya minofu vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, sangara mzuri husafirishwa Ulaya, na mwenye mgahawa wa hapa hushindana na kiwanda kwa samaki yule yule. Miaka ile ndipo wengi wa kanda ya ziwa walipozoea mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa. Lakini bei kubwa ya samaki haimzuii mtu kumpika siku aliyomnunua.

Hilo tungelisamehe. Lililotunyima usingizi ni binti aliyetuletea sahani. Kwa umbo alikuwa wa darasa la sita au la saba. Ilikuwa siku ya shule, saa tisa mchana. Alituambia ametoka kijijini na "anakaa kwa mama," na alipogeuka tuliona kandambili za miguu miwili tofauti. Madereva wawili wa meza ya pili walimwita kwa mluzi, wakamtania maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Alicheka kama mtu aliyezoea kucheka. Mwenye mgahawa hakuwepo. Alikuwepo kijana wa kupokea fedha, macho yake kwenye mpira. Mmoja wetu, ambaye ni mwalimu, aliinuka akawaambia wale madereva kwamba binti yule ni umri wa watoto wao. Walinyamaza. Hatujui walinyamaza mpaka lini baada ya sisi kuondoka.

Tulipouliza, binti alisema halipwi mshahara, anapewa chakula, mahali pa kulala, na "kitu kidogo mwisho wa mwezi." Hapo ndipo hesabu ya mama wa mwarobaini ilipoturudia. Ile 250 ya wasaidizi inaweza kukatwa kama inavyokatwa ile 150 ya sabuni. Unaikata kwa kumchukua mtoto wa mtu asiyejua kudai. Tena mgahawa huu haukuwa wa bei nafuu, kwa hiyo tusiwabebeshe wateja wanaoomba kupunguziwa lawama yote. Wapo wanaopata faida nzuri na bado wanakata. Tulipita ofisi ya mtaa kabla ya kuondoka, tukaeleza tulichokiona na mahali tulipokiona. Tuliahidiwa kwamba mtu wa ustawi wa jamii atapita. Kama kuna msomaji wetu anayeishi Lamadi, na tunajua wapo, atatusaidia kulifuatilia; mwanamke mmoja anayekunywa chai mahali kila wiki huona mengi kuliko ofisi.

Jioni tulipita kwenye vibanda vya chipsi na samaki wa kuchoma. Chipsi mayai 3,000, mafuta safi, kijana mchangamfu, kachumbari tuliikwepa kwa kuwa hatukuona ilikooshwa. Dagaa wa kukaanga wa bibi aliyeketi jirani yake walikuwa watamu sana ila walikuwa na mchanga. Si kosa lake peke yake. Dagaa wengi bado huanikwa chini ufukweni. Waliokaushwa juu ya chanja hugharimu zaidi, na ukiwatafuna utajua kwa nini. Kwa dagaa wa chini, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, uwatoe kwa mkono uache mchanga chini ya bakuli. Usimwage maji pamoja nao.

Usiku ule, nyumba ya wageni, tulibishana. Mmoja wetu alisema kwamba hatuwezi kumwambia mama mwenye shilingi 10,000 na watoto wanne asiombe kupunguziwa, kwamba kuomba ni haki ya maskini, na kwamba sisi wa magazetini tunasahau upesi. Ana haki. Hatusemi ulipe usichokuwa nacho. Tulichokubaliana ni hiki: kama fedha haitoshi, badilisha chakula, usibadilishe bei. Kwa mama wa mwarobaini sahani ya ugali, nsansa na dagaa ni 2,000. Wali na maharage ni 2,000. Na mchuzi wa samaki na ugali bila samaki ni 1,500, naye hukupa bila kukutazama vibaya. Mtoto wa miaka minne hamalizi sato mzima. Agiza mmoja kwa watoto wawili na uombe ugali wa ziada kwa 500. Kwa njia hiyo sisi watatu na watoto wawili tuliweza kula kwa 14,000, na maji ya beseni yakabadilishwa.

Maji ya kunywa beba yako, yaliyochemshwa. Kikombe cha mtoto pia. Kabla hujakaa, zunguka nyuma kana kwamba unatafuta choo, uone mabeseni ni mangapi. Ukiona ni moja, omba radhi uondoke kabla hujaagiza. Hilo ni heri kuliko kukaa na kulipiza kisasi kwenye bei.

Siku ya tatu, tukisubiri basi la kurudi Mwanza, tulikwenda tena kwenye mwarobaini. Meza ya jirani walikaa akina mama wawili na vifurushi vyao, wametoka Maswa. Waliuliza bei, wakaambiwa 5,000. Tuliyasikia maneno yetu wenyewe ya mwaka jana, neno kwa neno, pamoja na lile la ziwa kuwa hapo hapo. Wakainuka kama wanaondoka. Mama wa mwarobaini hakuwaita. Aliendelea kumenya vitunguu, akasema tu, "Dagaa wapo, mama zangu. Elfu mbili. Na nsansa nitawaongeza."

Wakatazamana, wakakaa.

Anafungua saa tano asubuhi, siku zote isipokuwa Jumapili. Sato huisha mapema. Ukifika baada ya saa nane utakuta dagaa na maharage. Matobolwa hauzi, huwapa wageni anaowapenda, na njia ya kupendwa ni kutomharakisha. Ukitokea stendi, mwulize mtu yeyote akuonyeshe ulipo mwarobaini mkubwa wa njia ya ziwani.